Tarehe kwa Penseli

Taifa linazaliwa mara ngapi?

Aliyeniuliza hivyo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliitwa Masengo, binti wa fundi cherehani wa mtaa wetu wa Kamalondo, na aliniuliza akiwa amesimama kando ya benchi lake kama tulivyowafundisha: mikono nyuma, shingo wima.

"Mamzeli, mwaka yenye ilipita balitufundisha taifa ilizaliwa tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita. Leo unatuandikia tarehe kumi na moja ya mwezi wa saba. Taifa inazaliwaka mara ngapi?"

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu mwaka mmoja na nusu kabla mama hajaugua nikalazimika kutafuta kazi, na mwaka mmoja na nusu unatosha kabisa kumfanya mtu aamini kwamba maswali yote ni mali yake. Niliwauliza mapadri. Nilimuuliza mkurugenzi. Nilimuuliza mama kwa nini samaki kavu wa kwao Pweto walioze kidogo ndipo wasemwe ni wazuri. Kuulizwa mimi, hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikatoa jibu ambalo walimu wanalo tangu ubao ulipobuniwa:

"Ikala chini, Masengo."

Akakaa. Darasa zima likatazama madawati. Watoto wanajua vizuri sana maana ya "kaa chini."

Ninyi vijana mnaoanza kazi mwaka huu mmenitaka niwaeleze jinsi ya kupanga mada ya historia juu ya sikukuu za taifa, ile inayoingia katika masomo yote. Mnaizungumzia kama kitu kilichoshuka juzi na mashine ya kutoa nakala. Wanangu, sisi tuliipanga kwa mkono, kwa Kifaransa, katika daftari kubwa la maandalizi ambalo mkaguzi alilifungua kabla hata ya kukusalimu. Unachagua jambo moja, mathalani sikukuu, na kwa wiki mbili kila somo linakunywa humo: kusoma, kuhesabu, kuimba, kuchora, hata mazoezi ya viungo, maana gwaride nalo ni viungo.

Nimefundisha mada hiyo chini ya bendera kadhaa. Hesabu ilikuwa moja: darasa lina wanafunzi arobaini na wawili, kila mmoja anashika bendera mbili za karatasi, sita zinapasuka, zinabaki ngapi? Sabini na nane. Serikali zilikuja na kuondoka, ikabaki sabini na nane. Sijawahi kuona katiba yenye msimamo kama ule.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Maître Ntumba, mwalimu wa darasa la sita, ukuta mmoja na langu la tano. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai, jimbo jirani, yeye mwenyewe alikulia hapa hapa mjini, na kabla ya kushika chaki alifanya kazi ya reli kituo kimoja na marehemu baba yangu. Baba alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo Ntumba alimjua kuliko mimi. Alikuwa mfupi, mtaratibu, na mwandiko wake wa herufi kubwa ulikuwa na majivuno ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Herufi P yake ilikuwa na tumbo la chifu na mguu uliojipinda kwa nyuma kama mkia wa mbwa aliyefurahi. Watoto wake wote waliandika P hiyo. Nusu ya Kamalondo bado inaiandika.

Siku yangu ya kwanza alifungua daftari langu, akasoma, akacheka kwa pua.

"Mamzeli, hii tarehe ya sikukuu umeandika na wino?"

"Ndiyo, Maître. Si mukaguzi anataka wino?"

"Mukaguzi anataka wino siku yake ya kukuya. Siku zingine zote, tarehe ya sikukuu inaandikwaka na penseli. Jina la mukubwa, penseli. Wimbo, penseli. Hesabu, sawa, tia wino, hesabu haina na chama."

Nilidhani anatania. Huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa Wabelgiji. Nilinunua penseli mwaka uliofuata.

Mengine aliyonifundisha myachukue, hayajaharibika. Usianze na sikukuu ya taifa. Anza na nyumba ya mtoto. Waulize: nyumbani kwenu munakumbukaka siku gani? Mmoja atasema siku baba alipoleta baiskeli. Mwingine atasema siku mtoto mchanga alipozikwa, na wote watanyamaza, na hapo ndipo somo la kumbukumbu linapoanza. Usigawe penseli za rangi kabla ya mapumziko. Na leta kitu kinachoshikika mkononi. Neno "taifa" halina uzito, watoto wanalitamka kama wanavyotamka "amina."

Kuhusu rangi, nina kisa. Juni ya mwaka wa uhuru wa Kongo watoto walichora bendera ya buluu yenye nyota kubwa katikati na ndogo sita pembeni. Siku kumi na moja baada ya sherehe jimbo letu la Katanga likajitangaza nchi, na bendera ikawa nyekundu, nyeupe na kijani, yenye misalaba mitatu ya shaba. Sasa nani alikuwa na penseli ya rangi ya shaba? Tulikuwa na kahawia. Misalaba ikatoka imevimba, yenye kingo nyeusi, na mkaguzi alipopita mbele ya ukuta akauliza kwa dhati kwa nini tumechora maandazi. Zile za nyota mkurugenzi aliamuru ziteketezwe. Mlinzi akaona ni hasara, akampa mama wa karanga pale getini. Mwezi mzima mji mkuu wa nchi mpya ulikula karanga zilizofungwa katika bendera ya nchi ya zamani, na namwona mkaguzi mpaka leo akitafuna huku akiikunjua nyota yake taratibu, akiangalia kushoto, akiangalia kulia, kisha akiitia mfukoni.

Mkurugenzi wetu, Bwana Mwape, hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo tatizo la watu kama Bwana Mwape. Ofisini kwake palikuwa na msumari mmoja ukutani, na picha ya mkubwa ilipobadilika, msumari haukubadilika. Miezi michache kabla ya maadhimisho ya mwaka wa kwanza wa Katanga, fomu zilikuja: jina la mwalimu, mahali alipozaliwa, asili ya baba, asili ya mama. Hakuna aliyesema ni za nini, na hakuna aliyeuliza. Wenye asili ya Kasai walikuwa wameanza kuambiwa sokoni warudi kwao, hata wale ambao kwao ni mtaa wa tatu kutoka pale sokoni.

Mkurugenzi alimpa Ntumba kazi ya kuzijaza za walimu wote, kwa ajili ya mwandiko. Mtasema nini? Kumpa mtu kalamu aandike orodha ambayo yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza ndani yake. Ntumba alipita darasa kwa darasa.

"Mamzeli, weka sahihi hapa chini. Ingine nitajaza mwenyewe."

"Lakini asili ya baba sijui niandike nini. Mama anasema tu alikuwa mutu wa reli."

"Nimesema nitajaza. Uko na mitihani ya kusahihisha, hapana?"

Nilikuwa nayo. Nikatia sahihi. Mimi, mwuliza-maswali wa mtaa mzima, nilitia sahihi karatasi tupu na kurudi kwenye kalamu yangu nyekundu.

Juni ikafika. Bwana Mwape akamwita Ntumba, nami nilikuwa kwenye kabati la nje ya ofisi natafuta chaki, kwa hiyo nilisikia.

"Ntumba, ndugu yangu, niko nasumbuliwa juu yako. Mukaguzi atakuya kuona somo ya mufano ya sikukuu, mu darasa yako. Akitia visa mu daftari, ile sahihi yake ya kukubali, akiandika 'somo nzuri', mi nitakuwa na kintu ya kuonyesha kule juu. Nitasema: huyu nitabaki naye, ananifundishia taifa."

"Na asipotia?"

"Sasa juu ya nini asitie? Unafundishaka vizuri."

Ntumba alikuwa na watoto watano na nyumba ya shule. Bila kazi, hana nyumba. Bila nyumba, kwa siku zile, hana mji. Sote tulijua, na sote tulimwambia, "Utafanya vizuri tu, Maître," kwa sauti ya watu wanaomsindikiza mgonjwa.

Swali la Masengo lilikuja wiki hiyo hiyo. Liliniuma hasa kwa sababu lilikuwa swali langu, na lilikuwa limetoka mdomoni kwa mtoto. Nililala nalo, nikaamka nalo. Na mchana wa kuamkia ukaguzi, Ntumba aliitwa kwenye ofisi ya manispaa kwa karatasi zake za makazi. Akaja na daftari lake.

"Mamzeli, nisaidie. Sijui hawa batu bataniachilia saa ngapi. Pitisha wino juu ya penseli. Usiongeze, usipunguze."

"Ndiyo, Maître."

"Usiongeze, Béatrice."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu. Hilo tu lingetosha kunizuia, kama ningekuwa mtu wa kusikia.

Nikapitisha wino. Maandalizi yake yalikuwa mazuri na, kwa macho yangu ya mwaka mmoja na nusu wa chuo, yalikuwa ya woga. Sikukuu moja, tarehe moja, kama vile dunia iliumbwa mwaka jana. Pembeni palikuwa na nafasi nyeupe. Nafasi nyeupe ni kitu cha hatari kwa mtu aliyesoma kidogo. Nikaandika humo, kwa mwandiko wangu bora, sikukuu tatu zikifuatana: ile ya mfalme wa Wabelgiji, ile ya tarehe thelathini Juni, ile ya tarehe kumi na moja Julai. Chini yake: "Wanafunzi walinganishe na kueleza kwa nini siku ya taifa inabadilika." Nikapuliza wino ukauke. Nilijisikia nimemjibu Masengo. Nilijisikia, Mungu anisamehe, nimemsaidia Ntumba. Jioni mwanawe mkubwa wa kike akalichukua daftari, na kwa jinsi nilivyomjua baba yake, hakulifungua tena, aliniamini.

Asubuhi walimu wote tulisimama nyuma ya darasa la sita, kama desturi ya somo la mfano. Ntumba alianza na nyumba za watoto. Kisha akatoa kutoka kwenye kitambaa msalaba wa shaba wa kweli, ule ambao zamani watu wa hapa waliutumia kulipa mahari, mzito, mkubwa kuliko kiganja. Ukapita benchi kwa benchi, kila mtoto akiushika kwa mikono miwili. Mkaguzi, ambaye alikuwa na misalaba mitatu iliyotariziwa kwenye tai, alitaka kuushika pia. Hakuwa ameushika wa kweli hata siku moja. Alinyoosha mkono mmoja kama anayepokea biskuti, na shaba ikamwangukia kwenye kiatu.

Watoto sitini na walimu nyuma yao walijitahidi kutocheka. Wawili walishindwa. Mmoja wa hao wawili alikuwa mimi.

Mkaguzi alikaa kwenye meza ya mwalimu kuficha mguu, akavuta daftari kwa hasira, akaanza kusoma. Akageuza ukurasa. Akarudi nyuma.

"Maître. Hapa naona sikukuu tatu. Nchi hii iko na sikukuu ngapi?"

Ntumba alisogea, akatazama. Niliona macho yake yakifika pembeni mwa ukurasa na kusimama. Hakugeuka nyuma tulikosimama. Hata kidogo.

"Moja, Monsieur."

"Na hii? 'Kwa nini inabadilika.' Ni mwandiko ya nani?"

Nilitazama viatu vyangu. Nawaambia ukweli kwa kuwa sina tena cheo cha kupoteza: nilivitazama, na nilikuwa na mama mgonjwa, na nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sababu nyingine nzuri sana ambazo nimezikusanya tangu siku ile.

"Ni yangu, Monsieur," alisema Ntumba.

Mkaguzi alifunga daftari bila kutia visa. Alitoka akichechemea.

Nilimfuata Ntumba wakati wa mapumziko. Alikuwa anafuta ubao, taratibu, kona kwa kona, jinsi alivyotufundisha ili vumbi lisiruke.

"Maître, naenda kwa Directeur. Nitasema ni mimi."

"Umeandika vizuri," alisema. "Kifaransa safi. Hata mukaguzi alisoma mara mbili."

"Usinicheke."

"Nikuchekee nini? Ni mi sikufungua daftari kuangalia kama kila wino iko na penseli chini." Akaweka kifutio chini. "Sikiliza, Mamzeli. Ukienda kule, hautanisaidia. Batasema tulikuwa bawili. Na bakianza kukuchungulia, batachungulia yote."

"Batachungulia nini kwangu? Mi niko wa hapa."

Aliniangalia kama alivyokuwa akimwangalia mtoto aliyekosea hesabu lakini mapumziko yamekaribia.

"Basi. Uko wa hapa. Rudia darasani, ukae wa hapa."

Nilidhani anazungumzia mdomo wangu mrefu. Nikatii, jambo ambalo sikulizoea, na nikalitii kwa urahisi wa kutia aibu.

Mwezi wa nane alinyang'anywa nyumba. Familia ikahamia kwenye kambi ya mahema pembeni ya mji, pamoja na maelfu waliokuwa majirani zetu hadi wiki moja kabla. Nilikwenda mara moja, na paketi ya chaki. Nilimkuta amegeuza mlango wa kabati kuwa ubao, watoto wamekaa chini, naye anauliza: "Nyumbani kwenu munakumbukaka siku gani?" Mikono yote ilikuwa juu. Aliniona, akaipokea chaki, akasema, "Aksanti, Mamzeli. Penseli haiko?" Tukacheka. Kisha wakapandishwa treni kwenda Kasai, nchi ambayo watoto wake walikuwa wanaijua kwa ramani niliyoichora mimi. Barua ilikuja moja. Barua zangu zilizofuata hazikujibiwa.

Sasa ngojeni, mkaguzi bado hajaisha. Katanga iliporudishwa Kongo, alikuja tena, yule yule, tai mpya. Safari hii ilitakiwa mada ya umoja. Nilikuwa nimechoka kuogopa, nikampa ukurasa ule ule: sikukuu tatu, nimeongeza ya nne, ile ya kuungana, walinganishe, waeleze kwa nini inabadilika. Kwa wino. Akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia visa. "Mamzeli, hii njo mbinu ya kisasa. Ulisomea wapi?" Nikamwambia nilisomea darasa la sita, ukuta mmoja na langu. Hakuelewa, akaandika "somo nzuri." Nimeitunza karatasi hiyo. Sikuitundika.

Basi pangeni mada zenu. Zipangeni vizuri, na mtoto akiuliza kama Masengo, msimwambie akae. Mwambieni hamjui, na kesho yake mlete mlilolipata. Lakini lileteni kwa darasa lenu, kwenye daftari lenu, kwa jina lenu. Ujasiri unaoandikwa katika daftari la mwenzako una jina lingine, nami nimekuwa na miaka mingi ya kulitafuta.

Mama alifariki nikiwa karibu na kustaafu. Katika sanduku lake palikuwa na kitabu cha kazi cha baba, cha reli, ambacho hakuwahi kunionyesha. Nilikipeleka pamoja na karatasi zangu za pensheni. Kijana wa ofisi alikuwa mchangamfu, wa umri wenu. Alilinganisha, akakwama.

"Mama, hapa iko na matata. Kitabu ya baba yako inasema alizaliwa Mwene-Ditu, kule Kasai. Lakini mu dosye yako, mu faili hii, kuko fomu ya zamani: asili ya baba, baliandika Pweto, huku kwetu. Nani alijaza hii?"

Akaigeuza ili nione. Chini, sahihi yangu ya miaka ishirini na miwili. Juu yake neno Pweto, na P yenye tumbo la chifu na mguu uliojipinda kwa nyuma. Ilikuwa imeandikwa kwa wino.